Reli ya Kwenda Kuoga

Kindu iliwahi kuwa na reli mbili. Ile kubwa ya kwenda Kibombo na Kongolo kila mtu anaijua, na wajukuu wangu wakitaka kunichokoza huniuliza kama nilizaliwa kabla yake. Ile ndogo haijulikani. Ukimwambia kijana wa leo kwamba hapa palikuwa na treni ya kuwapeleka wazungu kuoga, atakuangalia kwa huruma, akidhani uzee umeanza kukuvuruga akili. Basi nitaiandika mwenyewe. Waliokuwa na kazi ya kuandika habari zake waliandika uongo, na sehemu ya uongo huo ilimhusu mume wangu.

Ilianza bila makuu. Mzungu mmoja mnunuzi wa mchele na mawese alijenga ghala na kambi ya wafanyakazi kando ya mto, mbali kidogo na mji, akatandika reli nyembamba kutoka ghalani hadi kituo cha reli kubwa. Watu walisukuma vigari vya chuma vyenye magunia, na jioni wakavirudisha vitupu. Hiyo ndiyo ilikuwa reli yote. Mama yangu alikuwa akiuza maandazi pembeni yake na hakuona la ajabu.

Mbele ya kambi, katikati ya mto, palikuwa na kisiwa cha mchanga. Wakati wa mvua kilibaki kichwa tu, matete machache yanayotikisika. Kiangazi kilipofika mto ulipungua, kisiwa kikatoka mzima, cheupe mpaka kinaumiza macho, na ule mkono wa maji uliokitenga na ukingo ukakauka, ukapitika kwa miguu. Sisi wanawake tulifua nguo pale na kuanika samaki. Kisha wake wa wazungu wakakiona. Walisema mchanga wake ni kama wa bahari ya kwao, wakaanza kuja na miavuli na watoto, na mwaka uliofuata tukakuta askari amesimama, anatuambia tukaanike samaki wetu pengine.

Walijenga vibanda vya kubadilishia nguo, na baa iliyoezekwa kwa majani. Wakakipa kisiwa jina la mji mmoja wa kwao ulio ufukweni. Sisi tulipaita Kwa Kuoga. Asubuhi ya Jumapili palikuwa na watu walioandikwa kazi ya kuingia majini kwanza, na miti mirefu na madebe, wapige maji mpaka mamba waondoke, ndipo wenyewe waingie. Sikumbuki kama kuna aliyewahi kujiuliza mamba akikataa kuondoka itakuwaje.

Wazungu hawakutaka kutembea juani, kwa hiyo mwenye ghala akaiongeza reli yake: kutoka kambini, ikakata ule mkono mkavu, ikaishia mlangoni pa baa. Akanunua kamashini kadogo ka kuni, akavitia vigari viti na turubai. Lakini ule ulikuwa mchanga wa mto, na mvua zikianza maji yalirudi. Reli ile, sehemu ya kisiwani, ilikuwa reli ya kiangazi tu. Ilitandikwa ule mkono wa maji ulipokauka na kung'olewa kabla haujajaa, kila mwaka, na wanaume wa kambi. Iliundwa kwa vipande: vyuma viwili virefu vilivyofungwa pamoja kwa mataruma ya chuma. Wanaume waliita kipande kimoja ngazi, kwa sababu ndivyo kilivyoonekana kimelala. Ngazi moja ilibebwa na watu wanne, na kuiinua walihitaji wimbo. Mmoja anaanza, watatu wanajibu, na katika jibu ndipo ngazi inapanda begani. Tuliokuwa jikoni tulijua kazi imefika wapi kwa kusikiliza tu.

Aliyeanzisha wimbo alikuwa mume wangu. Alitoka upande wa Pangi, kwenye misitu, akaja Kindu kutafuta kazi, akanipata mimi kwanza na kazi baadaye. Nyumbani kwetu Mikelenge tulikuwa Waislamu tangu babu, na baba alinung'unika sana, mpaka kijana akakubali kusilimu. Alitamka shahada bila kusitasita, kisha akamuuliza mwalimu wa msikiti kama sasa anaweza kula. Huyo ndiye mume niliyempenda, mtu wa mdomo. Jumapili tulikaa mlangoni tukiitazama treni ya wazungu ikipita na taulo zao, naye ananinong'oneza: "Angalia, mama. Watu wakubwa na ndevu zao, banaenda kucheza na muchanga." Nilikuwa nacheka mpaka naona aibu.

Kulikuwa na kamba. Nataka ieleweke vizuri, kwa sababu bila kamba hii hakuna kisa. Ngazi ikianguka majini mchanga huimeza, na ngazi iliyopotea maana yake ni fimbo kwa wote wanne. Kwa hiyo walipong'oa reli maji yakiwa yamekwisha kuanza kurudi, waliifunga ngazi kwa kamba ya katani iliyopakwa lami, na ncha ya pili akajifunga kiunoni yule wa mbele, ili ikianguka isipotelee mbali. Kamba ile haikuwekwa kwa ajili ya kumwokoa mtu. Iliwekwa kuokoa chuma. Wa mbele alikuwa mume wangu, na nyuma yake alikuwa rafiki yake aliyekuja naye kutoka kijijini.

Palikuwa na jiwe kubwa ukingoni. Desturi ilikuwa maji yakiligusa, reli ing'olewe siku hiyo hiyo. Mwaka ule mvua za huko juu ziliwahi, maji yakaligusa jiwe katikati ya wiki, na kapita, mnyapara wa wafanyakazi, akaenda kumwambia mzungu wa njia, yaani yule aliyesimamia reli kwa niaba ya tajiri mwenye ghala. Mzungu akasema bado. Kulikuwa na mkubwa wao anayerudi Ulaya, na walikuwa wamemwandalia karamu ya kumuaga Kwa Kuoga siku ya Jumapili. Karamu ikafanyika. Treni ilirudi jioni magurudumu yakiwa ndani ya maji, wanawake wa kizungu wameinua miguu, wanapiga kelele za furaha.

Jumatatu asubuhi maji yalikuwa kiunoni, na mzungu akaamuru reli yote itoke. Kapita alisema: "Bwana, maji iko napanda. Tungoje." Aliambiwa hakuna cha kungoja.

Mimi nilikuwa natwanga sombe, majani ya mihogo. Ujauzito wangu ulikuwa bado mchanga, harufu ya majani ilinichefua, na niliusikiliza wimbo ili nisahau tumbo. Mume wangu alianza, wakajibu. Akaanza tena, wakajibu. Akaanza, na jibu halikuja. Wanawake wote wa kambi tuliacha mchi kwa pamoja. Tulingoja wimbo uanze upya, kwa kuwa mara nyingine walisimama kupumzika, lakini haukuanza.

Rafiki yake alinieleza baadaye, na sikumlazimisha aeleze mara ya pili. Katikati ya ule mkono maji yalikuwa yamechimba mchanga kwa chini. Mume wangu alikanyaga, pakawa hapana kitu. Ngazi ililala upande wake, wale watatu wakashindwa kuishika, ikazama, na kamba ikamvuta. Walizamia na kupapasa kwa miti mpaka maji yakawafika kifuani, kisha shingoni. Mzungu wa njia alisimama ukingoni akiwaita watoke, wakaendelee na ngazi zilizobaki upande huu.

Jioni hiyo hiyo aliandika kwamba mume wangu ametoroka kazini. Sikuamini nilipoambiwa. Lakini ukiliangalia kwa upande wake lilimfaa: mtu akifa, wakubwa wangeuliza kwa nini reli ilikuwa bado majini, mtu akitoroka, hakuna anayeuliza, maana kila wiki walitoroka wengi. Rafiki wa mume wangu alikwenda kusema alichokiona kwa macho yake. Alirudi mgongo umechanika kwa fimbo, akalala kifudifudi siku nyingi.

Basi nikawa mke wa mtoro. Anayeona ni neno tu hajaishi kambini. Mume akifa, mwanamke hukaliwa matanga, hupewa pole, hukaa eda, akatoka akiwa mjane mwenye heshima zake. Mume akitoroka, mke huulizwa amemficha wapi. Na mimba yangu? Ingezaliwa, iitwe mtoto wa mtoro, na baba yake yuko chini ya maji na kamba ya tajiri kiunoni. Hilo ndilo lililonifanya nisile. Nilitaka mume wangu aitwe maiti, basi. Sikuwa nataka kingine kwa yeyote.

Kaka yake mkubwa alifika na wazee wawili kutoka Pangi. Shemeji yangu alikuwa mtu mzito, mwenye kusema kidogo, na aliposema hukujibu. "Muntu wetu hawezi kulala mu maji kama samaki," alisema. "Tutamuzika."

Nikamwambia hakuna wa kuzika.

"Tutamuzika," akarudia.

Kwa ukoo wao, mtu aliyechukuliwa na maji asionekane huzikwa kwa mgomba. Huukata mgomba wa kimo chake, wakauosha, wakauvika, wakaulaza kaburini na kuuita kwa jina lake, na tangu hapo amezikwa. Baba yangu alinuna. Mwalimu wa msikiti alisema yeye anajua sala ya mtu asiyekuwapo, mgomba haujui. Nilikubali vyote viwili, sala na mgomba, nani angenizuia? Shemeji aliniuliza kimo cha mume wangu. Nilisimama, nikaweka kiganja juu ya kichwa changu, nikakiinua kimo cha kichwa kimoja, kwa sababu tukisimama pamoja kidevu chake kiligusa utosi wangu. Akapima kwa kamba ya mgomba, akaenda kukata.

Walipouosha nilitaka kucheka, nisiseme uongo. Wazee wazima wanaosha mgomba kwa adabu, wanaugeuza taratibu. Kisha shemeji akaomba shati. Nikatoa lile la Jumapili, alilokuwa analivaa tukikaa mlangoni, na nilipouona mgomba ndani ya lile shati nililia kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Tukaufunga sanda. Tukauzika nyuma ya kambi, pembeni mwa njia ya Mikelenge. Usiku ule, kwa mara ya kwanza, nilikula.

Shemeji alikuwa na jambo moja limebaki. Alikwenda kwa mzungu wa njia kudai jina la ndugu yake litolewe kwenye watoro. Mzungu akamuuliza, kama amekufa, kaburi liko wapi? Na hapa shemeji yangu alifanya kosa ambalo mpaka leo siwezi kumlaumu. Alifurahi. Kwake yeye swali hilo lilikuwa mwisho wa kesi. "Kaburi iko, bwana," alisema. "Njoo uone." Akatangulia mwenyewe, kifua mbele, akamwongoza mzungu na askari wawili mpaka pale. Katika maisha yake yote hakuwahi kukutana na mtu asiyejua kwamba aliyechukuliwa na maji huzikwa hivyo.

Mzungu akaamuru lifukuliwe. Tulipiga kelele, tukasukumwa. Askari walichimba, wakaivuta sanda juu, mmoja akaichana kwa kisu, na mgomba ukatokeza ndani ya shati la Jumapili, umeanza kuwa mweusi.

Mzungu alicheka. Alicheka mpaka akashika magoti. "Njo huyu marehemu?" Kisha akanigeukia mimi. "Wewe nadanganya. Bwana yako iko mu pori, iko nakula ndizi." Kwake mambo yote yakawa wazi: mtu katoroka, ndugu zake wamezika mgomba ili asitafutwe. Kaburi lile, tulilolichimba ili aaminike, likawa ushahidi wake. Shemeji alifungwa mikono pale pale, akakaa kifungoni mpaka mvua zilipokolea. Mimi nilitolewa nyumbani na sufuria zangu kabla ya jua kuzama, nikarudi kwa wazazi wangu Mikelenge, na nyumba ikapewa mfanyakazi mwingine.

Shemeji alipofunguliwa alipita kwetu kuaga. Nilimuuliza kama wataurudisha mgomba, au kulifukia shimo tu. Akatikisa kichwa. Kwao kaburi lililonyang'anywa mtu wake halifukiwi hadi litiwe mtu. Basi shimo likabaki wazi. Kila nilipokwenda sokoni nililipita, limejaa maji ya mvua, vyura ndani. Shati la mume wangu lilioza juu ya udongo pamoja na mgomba, na sikupata moyo wa kuliokota.

Nilijifungua msichana. Sokoni wanawake walimfunua uso, wakasema mzuri, wakamfunika, na kabla sijafika mbali nilisikia: "Njo mutoto ya ule mutoro." Nilirudi. Nilimmwagia mmoja wao mihogo yake yote chini, na mama yangu alitumwa mara kadhaa kuniombea msamaha. Sikuuomba mwenyewe.

Kiangazi kikarudi. Mto ukashuka, wanaume wakaingia kutandika reli kwa ajili ya waogaji. Siku moja mchana rafiki wa mume wangu alikuja kwetu, akasimama uani bila kubisha hodi.

"Mama," alisema, "ngazi imeonekana."

Nilimkabidhi mama mtoto, nikatoka.

Ilikuwa chini kidogo ya pale ilipoangukia, nusu ndani ya mchanga. Wanaume walikuwa wameuondoa mchanga kwa mikono, si kwa koleo, na waliponiona walisogea. Kamba ilikuwa bado nzima, lami imeilinda. Ncha moja kwenye chuma. Ncha ya pili imezunguka mifupa, na juu ya mifupa mkanda wake, ule alioukata mwenyewe kutoka kwenye ukanda wa mashine ya kukoboa mpunga. Nilipiga magoti. Sikulia. Nilijisikia mwepesi, nikaona haya kwa wepesi huo, lakini ndivyo ilivyokuwa: alikuwa maiti, na watu wote walikuwa wanamwona.

Mzungu wa njia aliitwa. Alikuja, akatazama, na uso wake ukafurahi kweli kweli. Alifurahia ngazi. Aliigonga kwa kiatu, akasema haijapinda, ioshwe, irudishwe kwenye njia, maana walikuwa wanapungukiwa na moja. Akaagiza kamba ifunguliwe irudi stoo. Rafiki wa mume wangu akamuuliza: "Na huyu, bwana?" Mzungu akasema tuzike upesi, Jumapili watu wanakuja kuoga. Kuhusu alichoandika hakusema neno, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha.

Shemeji aliletwa kutoka Pangi. Tulimwaga maji ya lile shimo kwa madebe, tukalisawazisha, tukamlaza. Safari hii mwalimu wa msikiti alikuja mwenyewe, akasali mbele ya kaburi. Baadaye nilimuuliza kuhusu eda. Akanieleza kwa upole kwamba eda huanza siku ya kufa, na ya mwenye mimba huisha anapojifungua, kwa hiyo mimi yangu imekwisha zamani.

"Imekwisha vipi," nikasema, "na sijaikaa?"

Akanieleza tena. Alikuwa mtu mwema, na sheria aliijua. Nami nilimwelewa vizuri. Kisha nikajifunga kitambaa cheupe, nikambeba mwanangu mgongoni, nikaenda kambini, kwa sababu eda hukaliwa katika nyumba aliyoiacha marehemu, na ile ndiyo ilikuwa nyumba.

Mke wa mfanyakazi aliyepewa nyumba yetu alikuwa akipepeta mchele mlangoni. Hatukuwa tumewahi kuzungumza. Alikitazama kitambaa, akaweka ungo chini. "Ingia, mama," alisema. "Nyumba njo yako." Akahamisha mkeka wake, akanitandikia chumba cha ndani, na jioni wanawake wa kambi wakaleta ugali na sombe mmoja baada ya mwingine, kama ilivyopaswa kuwa tangu mwanzo.

Mzungu alituma askari anitoe. Askari alifika mlangoni, akaona kitambaa na uso wangu ulioinama, akavua kofia. "Pole, mama," akasema, akarudi kumwambia bwana wake kwamba mwanamume haingii nyumba yenye eda. Mzungu akaja mwenyewe. Alisimama nje, nilimwona kupitia upenyo wa pazia, anatazama wanawake waliokaa chini kuuzunguka ukuta, wengi kuliko alivyotegemea. Akaondoka.

Jumapili treni ilipita. Niliisikia ikitoka ghalani, ikapita mbele ya nyumba na vicheko na taulo zao, ikashuka mchangani. Huko ilipita juu ya ile ngazi yetu. Nilijua, kwa sababu rafiki wa mume wangu ndiye aliyeifunga mahali pake. Mtoto aliamka. Nilimpa titi, nikamwambia baba yake amezikwa.

Kwenye karatasi zao mume wangu ni mtoro mpaka leo, kama karatasi hizo hazijaliwa na mchwa. Lakini mke wa mtoro hakai eda. Mimi nilikaa, katika nyumba yake, mpaka siku zangu zikaisha.